Sidii Ikifa, Mama Zawadi Ataazima Nini?

Wahandisi wakitaka kujua kama chombo kipya cha kuhifadhia filamu kinafaa, hukipima kwa gigabaiti, kwa kasi ya kusomeka, na kwa miaka kitakayokaa kabatini bila kuharibika. Kwetu Mbagala kipimo ni kimoja tu, nacho ni Mama Zawadi. Hupiga hodi saa moja na nusu usiku, mara tu tivii inapowashwa, mkono mmoja umeshika kanga na mwingine umenyooshwa tayari. "Baba Neema, niazimeni ile sidii yenu. Kesho asubuhi naileta."

Kesho ya Mama Zawadi haina tarehe. Hata hivyo nimeishi na kanda za VHS, nikaishi na sidii, nikaishi na dividii, na katika miaka yote hiyo sijaona chombo kilichopendwa mtaani ambacho hakikuweza kupita kwenye mkono ule ulionyooshwa.

Nayasema haya kwa sababu dividii na mdogo wake, Blu-ray, zimeanza kuagwa. Samsung iliacha kuleta deki mpya za Blu-ray kwenye soko la Marekani mwaka 2019. LG ikafuata mwishoni mwa 2024. Sony ilifunga utengenezaji wa sidii tupu za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Netflix, ambao vijana hawaamini ukiwaambia kwamba walianza mwaka 1998 kwa kutuma dividii majumbani kwa posta, ndani ya bahasha, walituma ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Kwa hiyo wakubwa wanaulizana nini kitarithi. Mimi nauliza nini kitaazimwa.

Tuanze na VCD, ambayo Mmarekani hakuihangaikia hata kidogo. Ilizaliwa mwaka 1993, ikatamba Uchina, India na huku kwetu, na ilibeba takriban dakika 74 za picha. Sasa filamu ya Kihindi, ambayo mtu akianza kuimba mlimani unaweza kwenda kuchota maji, ukaanua nguo, ukarudi bado anaimba, haienei kwenye dakika 74. Ilitaka sidii mbili, na mara nyingi tatu. Mama Zawadi aliazima zote tatu, akarudisha ya kwanza na ya pili. Kuhusu ya tatu alitueleza kwamba "ipo". Kwa hiyo hadi leo, nyumbani kwetu, yule tajiri muovu hajakamatwa, na mama mjane hajajua kwamba mwanawe aliyechukuliwa na mto ndiye yule inspekta wa polisi anayemtesa. Mke wangu kila akiona filamu nyingine ya mwigizaji yule husema, "Huyu bado ana kesi."

Dividii ilipoingia sokoni, Japani Novemba 1996 na Marekani Machi 1997, ilikuja na siasa zake. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia katika maeneo sita ili kila deki isome sidii za eneo lake peke yake. Marekani na Kanada wakawa eneo la 1. Ulaya, Japani na nchi za Ghuba wakawa eneo la 2. Sisi Watanzania tukawekwa eneo la 5, pamoja na India, Urusi, Mongolia na Korea Kaskazini. Aliyechora ramani ile aliamini kabisa kwamba mtu wa Mbagala akimaliza kuangalia filamu yake atampelekea mtu wa Pyongyang kabla hajampelekea shangazi yake aliyeko Muscat.

Maana mimi shangazi yangu yuko Muscat, eneo la 2. Na shemeji yangu yuko Houston, eneo la 1. Shemeji alituletea deki, kubwa, nyeusi, yenye taa ya buluu. Shangazi akatuletea sidii halali, zile za dukani zenye kasha gumu na karatasi ya maelezo ndani. Tulivikutanisha sebuleni mbele ya ukoo mzima. Deki ikaimeza sidii ya shangazi, ikanguruma, ikaitema, ikaandika kwenye tivii maneno ambayo mtoto wa sekondari aliyatafsiri kuwa "eneo lenu si hili". Shangazi alikasirika, akasema hajawahi kutukanwa na chombo. Shemeji naye akasema kosa si la deki. Chakula cha usiku huo kililiwa kwa makundi mawili.

Deki yenyewe haikuishi sana. Ilikuwa ya volti 120 na ukutani kwetu zinatoka 230, kwa hiyo tuliiwekea transfoma ndogo ya kupunguzia umeme. Mama Zawadi akaja kuazima transfoma. Mpwa wangu, ambaye hakuwepo wakati wa maelezo, akaona waya umelala bila kazi, akauchomeka ukutani. Taa ya buluu iliwaka kwa namna ambayo haijawahi kuwaka, kisha ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya Marekani.

Kilichotuokoa ni deki ya Kichina ya Kariakoo. Hiyo haikuwahi kusikia habari za maeneo. Ilisoma sidii za shangazi na za shemeji, ikasoma mahubiri, ikasoma taarabu, ikasoma filamu iliyorekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema huko ilikorekodiwa, mpaka unaona kichwa cha mtu akisimama kwenda msalani. Ilisoma sidii iliyopasuka pembeni. Ikishindwa kabisa iliandika kwamba ndani hamna kitu, nawe umeiweka mwenyewe, unaiona, na mtoto anaiona. Hapo ndipo tiba zilipoanza. Mmoja aliifuta kwa kanga. Mwingine aliipulizia pumzi ya moto. Fundi wa redio wa mtaa wa pili alisema ipakwe dawa ya meno, na cha ajabu dawa ya meno husaidia kidogo, kwa sababu hulainisha kingo za mkwaruzo na leza inapita bila kuyumba.

Ila watu wengi hawakujua upande wa kuuogopa. Tulikuwa tukiulinda ule upande unaong'aa, tukiushika kwa pembeni, tukiulaza juu ya kitambaa cha kufuma. Kumbe kwenye sidii ya kawaida habari zenyewe zimelala upande wa juu, chini kidogo tu ya rangi ya lebo. Huku chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja ya kuzikinga. Dividii ndiyo iliyozificha katikati, baina ya vipande viwili vya milimita 0.6. Haya tuliyajua baada ya mama mkwe kuja kukaa kwetu mwezi mzima na kuchoshwa na kesho ya Mama Zawadi. Alichukua kalamu ya wino yenye ncha ngumu, akaketi mkekani, akaandika jina la ukoo juu ya kila sidii, kwa kukandamiza, akapiga na mistari miwili chini yake. Tangu siku ile hakuna sidii yetu iliyopotea. Hakuna iliyosoma pia. Ukiiweka, muziki wa mwanzo unaanza vizuri, halafu unafika kwenye jina la ukoo na kukwama hapo hapo.

Yupo pia adui asiyeandika. Mwaka 2001 watafiti wa Uhispania walieleza kuhusu ukungu uliokutwa Belize ukiwa umeitafuna sidii, ukala plastiki na alumini mpaka haikusomeka. Belize ni joto na unyevu, na aliyewahi kuacha begi la nguo chini ya kitanda Tanga wakati wa masika hatashangazwa. Sisi sidii zetu zilizokufa tulizitundika bustanini zitishe kunguru. Kunguru wa Dar hawatishiki kwa kitu kinachong'aa. Mmoja alikuja akajitazama, akajitengeneza manyoya, akaendelea kula mchicha.

Sasa nifike kwenye harusi.

Harusi yetu ilirekodiwa na kijana aliyeipenda kazi yake kupita kiasi. Kila nilipogeuka, picha yangu ilizunguka mara tatu na kuingia ndani ya ua waridi. Wakati wa kula kiapo, nyuma ya padri kulitokea milima yenye theluji na swala wanakunywa maji. Mwisho wake tukapata dividii moja, ndani ya kasha lenye sura zetu mbili katikati ya moyo mwekundu. Baba mkwe na mama mkwe, wakati huo wako Kilosa, walikuwa hawajaiona. Basi wakaja. Tukapika pilau, tukawakalisha kwenye makochi yaliyotolewa vitambaa, tukawaita wazee wa jirani washuhudie. Mke wangu akashika lile kasha la moyo kwa mikono miwili, akatoa sidii, akaiweka.

Tivii ikaonyesha jogoo.

Jogoo mzuri, mwekundu, anatazama kamera. Akafuatia bwana aliyevaa koti jeupe, akasema karibuni katika mafunzo ya ufugaji bora wa kuku wa kienyeji. Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Baba mkwe hakutikisika hata kidogo. Aliinama kuelekea tivii, akasema kwa heshima kwamba wapiga picha wa siku hizi ni wabunifu, lazima wanaanza na mfano. Mama mkwe akasema ni kweli, jogoo ni baba wa familia. Tukasubiri mfano uishe. Haukuisha. Yakaja mabanda, kwamba yawe na dirisha la kupitisha hewa. Ukaja ugonjwa wa kideri na chanjo yake. Nilipoinuka kwenda kuizima, baba mkwe aliinua kiganja bila kugeuka. "Kaa, mwanangu. Hapo kwenye chanjo pana maana."

Waliangalia hadi mwisho. Wakaomba sehemu ya mabanda irudiwe. Asubuhi yake baba mkwe alisafiri na ile sidii ndani ya mfuko wa koti, na msimu uliofuata alikuwa mfugaji anayejulikana Kilosa nzima. Kila Krismasi hutuletea jogoo wawili, na kila akitoa hotuba ya ukoo huishukuru harusi yetu kwa kumfungua macho.

Harusi yenyewe ilikuwa safarini. Mama Zawadi aliiazima akarudisha kasha, na ndani ya kasha akaweka alichokuwa ameazima kwa mtu mwingine. Sisi tulijua tu kwamba ipo. Kwa dada yake Chanika ipo, kwa shoga wa dada yake Kibaha ipo. Nilipata habari zake ndani ya daladala. Konda alininyooshea mkono wa nauli, akanikazia macho, akasema kwa sauti ya kukusanya abiria, "Mzee, si wewe yule bwana harusi uliyelia wakati wa keki?" Mwanamke wa kiti cha nyuma akasema ndiye, ameniona kwa wifi yake, na kwamba gauni la matroni lilimzidi bibi harusi. Kijana wa dirishani akaniuliza wale swala tuliwatoa wapi. Nilishuka kituo kisichokuwa changu, na bado kuna mtu alinipungia.

Yaani mimi, mtu asiyejulikana hata benki, nilikuwa na watazamaji mkoa mzima, bila tangazo. Ukifikiria vizuri, sinema ya Kitanzania ilijengwa hivyo hivyo. Filamu za Bongo za miaka ile hazikupitia kumbi. Zilitoka moja kwa moja kwenye kanda, kisha VCD na dividii. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, watu walimjua kwa sidii iliyopita nyumba kwa nyumba. Kabla yake na sambamba naye walikuwepo watafsiri kina Lufufu, waliozivika filamu za kigeni sauti ya Kiswahili mpaka jambazi wa Hong Kong akawa anatukana kwa lafudhi ya Temeke. Kenya yupo DJ Afro, na kazi ni ile ile. Mwaka 2013 serikali yetu ikaweka stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu ili ya halali ijulikane. Stempu ilikaa vizuri juu ya kasha. Ndani ya kasha, kama mnavyojua, ni mambo ya Mama Zawadi.

Na makampuni yamejaribu kumzuia Mama Zawadi tangu zamani, hata kama hawakumjua kwa jina. Mwaka 1998 Marekani waliingiza kitu kilichoitwa DIVX. Unanunua sidii kwa bei ndogo, ukishaianza una saa 48 za kuiangalia, baada ya hapo deki inapiga simu makao makuu usiku kukushitaki, na ukitaka kuangalia tena unalipa. Kufikia katikati ya 1999 kilikuwa kimekufa. Hawakukoma. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ikajaribu sidii inayojizima yenyewe: ukiifungua kwenye pakiti, hewa inaanza kuibadilisha rangi, na baada ya saa 48 imekuwa nyeusi, haisomi. Nayo haikufika mbali. Ingeletwa Mbagala, matokeo yangekuwa mtaa mzima kuhamia sebuleni kwetu kwa saa 48, na sufuria la wali lisingetoka jikoni.

Walichoshindwa kwa kemia wamekiweza kwa intaneti. Sasa filamu haishikiki. Haina kasha, haina mahali pa mama mkwe pa kuandikia. Unalipa kwa mwezi, na iko huko iliko. Nimeijaribu. Saa moja ya picha safi inaweza kula gigabaiti 3, na bando langu la wiki liliaga dunia mtu akiwa bado hajajitambulisha kwenye filamu. Nilinunua jingine. Tulipofika mahali ambapo mke wa marehemu anafungua barua, mtandao ukalegea na kikatokea kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo. Katika kukitazama ndipo nilipotambua kwamba hiki ndicho kilichobaki cha sidii: umbo la duara na kuzunguka, filamu yenyewe imeondolewa. Baba mkwe, aliyekuwa mgeni wetu, alikitazama kwa utulivu muda mrefu, halafu akauliza kama sehemu inayofuata ni ya mazungumzo.

Mama Zawadi alipiga hodi siku ile ile. Nikamweleza kwamba hakuna sidii, ni akaunti. "Basi niazimeni akaunti," akasema, na kusema kweli tukampa nywila. Akampa dada yake wa Chanika. Kufikia mwisho wa wiki nikiwasha tivii yangu naulizwa mimi ni nani kati ya Zawadi, Mwajuma, Shoga na Konda. Lakini mwaka 2023 Netflix walianza kuwabana wanaoazimana nywila, wakisema akaunti ni ya kaya moja. Kaya moja! Waje wamuulize balozi wetu wa nyumba kumi kaya yetu inaishia wapi. Yeye mwenyewe amekuwa akijaribu kutuhesabu tangu sensa iliyopita, na kila akikaribia jibu anatokea binamu.

Halafu kuna hili la kununua kitu kisiwe chako. Mwishoni mwa 2023 Sony waliwatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvilipia vitaondolewa kwenye maktaba zao, kwa kuwa mkataba wa wakubwa umekwisha. Kelele zikapigwa, wakaahirisha. Nilimsimulia Mama Zawadi habari hiyo, naye alishangaa kwa dhati. Alisema hata yeye, akichukua, huwa anaahidi kurudisha.

Kwa hiyo mtaani mrithi halisi wa sidii si Netflix wala Blu-ray (hiyo Blu-ray tuliisikia kwa shemeji tu). Ni flashi, na kijana mmoja mwenye kompyuta chakavu karibu na mama wa chapati, ambaye tunamwita Dogo ingawa ana watoto wawili. Unampa flashi, unamwambia unachotaka: ya ngumi, ya mapenzi, ya Kikorea iliyotafsiriwa. Muvi moja shilingi 500, sizoni nzima shilingi 2,000. Huulizwi eneo lako. Kisheria ni kula jasho la msanii, na msanii haoni hata senti. Sitaki kuipamba biashara ile. Ila kama kuna mhandisi anayetaka kujua wananchi wamechagua nini, aje akae kwenye benchi la Dogo Ijumaa jioni.

Flashi nayo ina visa vyake. Kwanza virusi: ukitoka kwa Dogo na kuichomeka kazini, mafolda yote yamegeuka shotikati, na bosi anaona unafungua kitu kinachoitwa "Mke Mwenza Sehemu ya 4" kwenye kompyuta ya idara. Pili, feki. Shemeji huyu huyu wa Houston, alipokuja likizo, aliuziwa kwenye foleni ya magari flashi ya terabaiti mbili kwa bei ya chipsi kuku. Flashi za namna hiyo hudanganywa tangu kiwandani. Ndani mna gigabaiti chache, lakini kompyuta inaambiwa ni terabaiti, nayo inaamini. Ukizidisha, vitu vipya vinaandikwa juu ya vya zamani. Shemeji aliijaza picha zote za safari, akafika Houston akakuta majina ya faili yamepangika vizuri kabisa, na hakuna hata moja inayofunguka. Tatu, hata flashi ya kweli si ya milele. Huhifadhi habari kwa chaji ndogo za umeme zilizofungiwa ndani yake, na chaji hizo huvuja polepole ikikaa miaka bila kuchomekwa. Kwetu haijawahi kukaa kiasi hicho, kwa sababu inayojulikana.

Huko maabara wana mipango mikubwa zaidi. Februari 2024 watafiti wa Shanghai walieleza katika jarida la Nature kuhusu sidii yenye ukubwa ule ule wa dividii, ila imepangwa tabaka 100, na inaweza kubeba terabaiti zipatazo 200. Nimepiga hesabu: ni dividii zaidi ya 40,000 ndani ya moja. Wao wanaona ushindi. Mimi naona mkono umenyooshwa mlangoni saa moja na nusu usiku, na sinema yote ya India, Hong Kong na Nigeria inaondoka chini ya kanga moja, nasi tunabaki na kasha lenye jogoo.

Mwaka 2019 Microsoft na Warner Bros. walionyesha filamu ya Superman ya 1978 ikiwa imeandikwa kwa leza ndani ya kipande cha kioo, milimita 75 kwa 75, unene milimita 2. Walikioka, wakakichemsha, wakakitia kwenye maikrowevu, wakakisugua kwa waya wa masufuria, na Superman yumo tu. Hili nililipenda, kwa kuwa ndiyo mazingira ya jikoni kwetu hasa. Nikaenda kumweleza Dogo. Alisikiliza huku akiingiza muvi za mteja, akauliza hicho kioo kinachomekwa wapi. Nikamwambia hakichomekwi, kinasomwa kwa hadubini na kompyuta maalumu. Akafikiri. "Mjomba, hadubini ikifika Kariakoo niambie. Muvi itabaki mia tano, ila kioo mtu aje nacho mwenyewe, mimi sikopeshi."

Lililonikosesha usingizi ni lile la Harvard. Mwaka 2017 watafiti wa pale walichukua picha za farasi anayekimbia, zile za Muybridge za karne ya 19, wakaziandika kwenye vinasaba vya bakteria hai wa E. coli, wakawaacha wazaliane, kisha wakazisoma tena. Filamu ndani ya kijidudu! Hapo ndipo nilipoona kwamba wahandisi hatimaye wamemfikia Mama Zawadi. Filamu ya namna hiyo haiazimwi, inaambukizwa. Unampa mtu mkono msibani, kesho yake ana sizoni mbili, na kwa kuwa E. coli makazi yake ni utumbo, utatofautishaje filamu ya kutisha na kuharisha?

Nilimpigia baba mkwe nimchekeshe. Hakucheka. Alinikatiza niliposema E. coli, kwa sababu anaifahamu kuliko mimi. Ile sidii ya jogoo ina sehemu nzima kuhusu magonjwa ya bakteria, na wamemuulia vifaranga. Akanielekeza vyombo vya kunyweshea vioshwe kila siku, matandiko ya banda yawe makavu, na kuku anayezubaa atengwe mapema. Nikasema, "Ndiyo, baba." Kisha akauliza hao wa Harvard wana kuku wangapi, na kama wameshawachanja.